Hoja Tuliyoipeleka Geneva Haijafika Wasini: Maoni Kuhusu Upanuzi wa Taifa Changa

Utangulizi

Tunapofundishwa historia ya mataifa machanga yaliyopanua mipaka yake, aghalabu macho yetu huelekezwa mbali. Tunasoma jinsi Marekani, taifa lililokuwa na umri wa miaka 27 tu, lilivyonunua Louisiana kutoka kwa Ufaransa mwaka 1803 kwa dola milioni 15. Nchi yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba milioni 2 ilibadilishwa mwenyewe kwa wino, na mataifa ya wenyeji waliokuwa wakiishi humo hayakuulizwa neno. Tunasoma pia kuhusu sheria ya mwaka 1830 ya kuwahamisha wenyeji hao, na jinsi Wacherokee walivyotembezwa kwa nguvu mwaka 1838 hadi 1839 kuelekea magharibi ya mto Mississippi, maelfu wakafia njiani. Tunatikisa vichwa kwa huzuni, kisha tunafunga kitabu tukiamini kuwa mambo hayo ni ya wengine.

Makala haya yana dai tofauti. Kenya nayo ilikuwa taifa changa, na kama mataifa mengine machanga, ilipanuka. Ilipanuka mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1963 ilipoupokea Mwambao wa Pwani. Mara ya pili ilikuwa kati ya mwaka 1972 na 1979 ilipojitwalia bahari. Upanuzi huu wa pili hautajwi sana madarasani, ilhali ulifanywa kwa hoja nzuri ambayo dunia nzima iliikubali. Ninachotaka kusema ni kuwa hoja hiyo nzuri, tuliyoitetea mbele ya mataifa, hatujaitekeleza kwa watu wetu wenyewe wanaoishi kwa bahari. Na hakuna mahali panapodhihirisha jambo hili kuliko kisiwa cha Wasini, Kaunti ya Kwale.

Ifahamike tangu mwanzo kuwa sidai kwamba yaliyowapata Wavumba ni sawa na yaliyowapata Wacherokee. La hasha. Hakuna kijiji cha Wasini kilichotembezwa kwa mtutu wa bunduki. Kinachofanana ni utaratibu: mipaka ilisogezwa kwa kalamu, na waliokuwa ndani ya mipaka hiyo hawakuwa upande wowote wa mkataba.

Wasini na watu wake

Wasini ni kisiwa chembamba cha mawe ya matumbawe kilichotanda mbele ya Shimoni. Hakina mto, na udongo wake ni haba. Kwa karne nyingi watu wake wametegemea maji ya mvua kwa kunywa, na bahari kwa karibu kila kitu kingine. Wenyeji wake wanaojulikana zaidi ni Wavumba, ambao jina lao linatokana na mji wa kale wa Vumba Kuu uliokuwa bara, upande wa Vanga. Walikuwa na watawala wao walioitwa madiwani, na historia yao ilikwisha kuandikwa na A. C. Hollis, ofisa wa Kiingereza, mwaka 1900. Lahaja yao, Kivumba, ni miongoni mwa lahaja za Kiswahili ambazo sote tunaziorodhesha katika mitihani.

Haifai kuwafanya Wavumba malaika. Madiwani wa Vumba walipokea kodi na heshima kutoka kwa majirani zao, na biashara ya watumwa ilipita katika pwani hii, kama mapango ya Shimoni yanavyoendelea kutukumbusha. Kadhalika, Wavumba si wenyeji pekee. Wako Wachifundi, Wadigo, Wasegeju na Wapemba, na kila kundi lina historia yake ya kufika na kuchanganyika. Neno «mwenyeji» katika makala haya halina maana ya mtu wa damu safi. Lina maana ya mtu ambaye maisha yake yalikuwa yamekwisha kufungamana na mahali fulani kabla ya serikali ya mbali kupachora mahali hapo katika ramani yake.

Upanuzi wa kwanza: Mwambao

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kuwa Sultani wa Zanzibar atambuliwe kuwa mwenye ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Nyuma ya ukanda huo waligawana bara, kwa mstari ulioanzia pwani karibu na Vanga na kuelekea Kilimanjaro. Mstari huo uliwaacha Wadigo, Wasegeju na Wavumba wakiwa na jamaa zao pande zote mbili. Mwaka 1895 Sultani alikubali Waingereza wautawale ukanda wake kwa malipo ya pauni 11,000 kwa mwaka, mbali na riba ya deni. Pwani ya kusini haikunyamaza. Mbaruk bin Rashid wa Gazi alipigana na utawala huo mpya mwaka 1895 na 1896, mpaka akakimbilia upande wa Wajerumani. Hata hivyo kodi iliendelea kulipwa, na mwenye kulipwa hakuwa Mdigo wala Mvumba.

Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya hati za ardhi katika ukanda huo. Wenye madai walitakiwa wayawasilishe na kuyathibitisha, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Sheria ya namna hiyo humpendelea mwenye karatasi, wakili na muda wa kukaa mjini. Mtu aliyelima shamba la babu yake bila ya hati, au jamii iliyomiliki kwa pamoja, aligeuka mkaazi katika ardhi ya mwingine pasi na kuhama hata hatua moja.

Uhuru ulipokaribia, ilibidi swali la Mwambao lijibiwe. Ripoti ya James Robertson ya mwaka 1961 ilipendekeza ukanda huo uunganishwe na Kenya. Wengine katika pwani walitaka Mwambao ujitegemee. Wengine wengi, hasa miongoni mwa Wamijikenda na wazawa wa waliokuwa watumwa, waliona kuwa kujitenga huko kungewarudisha chini ya mabwana wa zamani, na hofu yao haikuwa ya bure. Oktoba 1963, kwa makubaliano yaliyohusisha Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, Sultani aliachilia enzi yake, na tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ilipata uhuru ikiwa na pwani yake.

Sina ugomvi na muungano huo. Naamini ulikuwa wa haki kuliko badala yake. Lakini tuyatazame masharti yaliyowekwa. Uhuru wa dini ulihifadhiwa, mahakama za Kadhi zikahifadhiwa, na hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa zikaahidiwa kutambuliwa daima. Ahadi hii ya mwisho ndiyo iliyobeba uzito mkubwa kuliko zote, kwa sababu ilimlinda aliyekuwa na hati na kumwacha nje asiyekuwa nayo. Ile ardhi iliyokuwa ya Taji ikawa ya Serikali. Taifa changa lilirithi pwani pamoja na dhuluma zilizomo ndani yake, na likazitia muhuri wake. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 2009 na ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 zilikiri kuwa suala la ardhi ya pwani ni dhuluma ya kihistoria. Basi hili halihitaji kubishaniwa tena.

Upanuzi wa pili: bahari

Sasa tuingie baharini. Mwaka 1972 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Maji ya Nchi iliyotangaza kuwa maili 12 za baharini kutoka pwani ni za taifa. Mwaka huohuo, mwezi wa Agosti, Kenya iliwasilisha Geneva, mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa iliyoshughulikia sakafu ya bahari, rasimu kuhusu ukanda maalumu wa kiuchumi wa maili 200. Mwanasheria wa Kenya, Frank Njenga, anakumbukwa na wataalamu wa sheria za kimataifa kuwa mmoja wa waasisi wakuu wa wazo hilo. Februari 1979 Kenya ilitangaza ukanda wake, na mwaka 1982 wazo lenyewe likaingia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari uliotiwa sahihi Montego Bay, Jamaika. Kwa hiyo taifa lenye umri wa miaka 15 lilikuwa limejiongezea eneo kubwa la maji bila ya kufyatua risasi hata moja.

Hoja yetu ilikuwa ipi? Ilikuwa kwamba ule uitwao uhuru wa bahari ulikuwa uhuru wa wenye meli kubwa. Mataifa tajiri yalituma meli zao kuvua mbele ya nchi maskini, kisha yakasema kuwa bahari haina mwenyewe. Kenya na wenzake walijibu kuwa bahari iliyo mbele ya watu lazima kwanza iwafae watu hao. Kwamba kuishi karibu na bahari, kuitegemea na kuihitaji ni misingi ya haki. Na kwamba mwenye nguvu za kufika hana ubora juu ya aliyezaliwa hapo. Hoja hii ni ya kujivunia.

Isitoshe, ilipofika zamu ya kuweka mpaka wa bahari na Tanzania, kwa barua zilizobadilishwa kati ya Desemba 1975 na Julai 1976, serikali hizi mbili zilikumbuka wavuvi. Zilikubaliana kuwa wavuvi wa asili wa pande zote mbili, wanaovua kwa ajili ya kujikimu, waruhusiwe kuvua ndani ya maili 12 kila upande wa mstari. Yaani mataifa mawili machanga yalitambua kwa maandishi kwamba mstari wao umepita juu ya maisha yaliyokuwapo. Inawezekana basi kuchora mpaka na kumheshimu mvuvi kwa wakati mmoja. Swali ni kwa nini jambo lililowezekana baina ya nchi na nchi limekuwa gumu ndani ya nchi.

Mstari uliochorwa mbele ya Wasini

Katika miaka ileile ambayo Kenya ilikuwa ikiitetea hoja yake ughaibuni, mstari mwingine ulichorwa kusini ya Wasini. Kisite na visiwa vya Mpunguti vilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1973, na mwaka 1978 mipaka ikapangwa upya. Kisite ikawa Hifadhi ya Taifa ya Bahari yenye kilomita za mraba 28 ambamo uvuvi wa kila namna umepigwa marufuku. Mpunguti, yenye kilomita za mraba 11, ikawa eneo la akiba ambamo uvuvi wa jadi, kama ule wa mishipi na madema, unaruhusiwa.

Kwa mtu wa ofisini, kilomita za mraba 28 ni doa dogo. Kwa mvuvi wa ngalawa au mtumbwi si hivyo. Yeye hana mashine ya kumpeleka mbali. Fungu lililo karibu likifungwa, hana budi ama kubanana na wenziwe katika maji yaliyobaki, ama kujitosa katika maji makuu ambayo chombo chake hakiyawezi, hasa upepo wa kusi unapovuma. Wakati huohuo, samaki wa maji makuu katika ule ukanda wa maili 200, wakiwemo jodari, kwa miaka mingi wamevuliwa zaidi na meli za nchi za mbali zinazolipia leseni. Basi matokeo ni kinyume cha hoja yenyewe. Meli za mbali, ambazo ndizo tulizoenda kuzilalamikia Geneva, zinaweza kununua ruhusa ya kuvua katika bahari yetu. Mvumba hawezi kutia mshipi katika Kisite.

Tutazame pia faida inapokwenda. Kisite ni miongoni mwa hifadhi za bahari zinazotembelewa sana nchini. Watalii huletwa kutoka hoteli za Diani kwa siku moja, huonyeshwa pomboo, kasa na matumbawe, kisha hurudishwa. Viingilio hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, ambalo ni shirika la taifa. Wasini hupata mabaki ya biashara hiyo: chakula kinachouzwa kwa wageni, kazi za mashua, na vibarua. Sisemi ni kidogo kwa kila mtu. Wako waliojenga nyumba kwa fedha hizo. Lakini kupata kibarua katika kilichokuwa chako si sawa na kuwa na sehemu yako ndani yake. Wanawake wa Wasini waliunda kikundi, wakajenga njia ya mbao juu ya bustani ya matumbawe iliyo kando ya kijiji chao, na kutumia viingilio kwa mahitaji ya jamii. Huo ni ushahidi kwamba watu hawa wanaweza kutunza mazingira na kugawana mapato wakiachiwa usukani.

Majibu kwa wapinzani wa hoja hii

Wapo watakaosema kuwa bila ya hifadhi samaki wangekwisha. Nakubaliana nao kwa kiasi kikubwa. Tafiti zimeonyesha kuwa samaki ndani ya Kisite ni wengi kuliko katika maji yaliyo wazi kwa uvuvi, na samaki hawajui mpaka. Wanaozaliwa ndani huvuka kwenda nje. Matumbawe ya pwani yetu yaliumia vibaya kwa joto la bahari mwaka 1998, na kuna uvuvi haribifu ambao hauwezi kutetewa. Lakini hoja ya kuhifadhi si hoja ya kumtoa mwenyeji katika uamuzi. Wavuvi wa pwani ya kusini walikuwa na desturi zao za kuilinda bahari. Katika vijiji vya Wadigo, Diani ikiwa mojawapo, wazee walitoa sadaka na kusimamia mwenendo wa wavuvi, na kulikuwa na mahali ambapo mtu hakujiendea tu. Desturi hizo zilififia kwa sababu nyingi, mojawapo ikiwa kwamba mamlaka ya wazee yalihamishiwa kwa maofisa. Ukimnyang'anya mtu ulinzi wa mali, usishangae akiacha kuilinda.

Wengine watasema: bahari ni ya Wakenya wote, mbona Wavumba wapewe zaidi? Hili ni swali la haki na linastahili jibu. Bahari ni ya wote, ndiyo, kama vile mbele ya mataifa tulivyosema bahari kuu ni ya wanadamu wote. Hata hivyo hatukuona aibu kudai kuwa aliye karibu, mwenye kuitegemea, ana haki ya kutangulizwa. Kama karibu na kutegemea vilikuwa misingi ya haki baina ya Kenya na mataifa makubwa, havigeuki kuwa ubinafsi pale Mvumba anapovitaja mbele ya Kenya. Tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipotoa hukumu kuhusu mpaka wa bahari kati ya Kenya na Somalia, serikali yetu iliikataa, na wananchi wengi wakasimama nayo. Tunajua basi uchungu wa kuambiwa kuwa maji uliyoyazoea si yako.

Wapo pia watakaohofia kuwa kusema hivi ni kuchochea utengano. Hofu hii naiheshimu. Agosti 1997 malalamiko ya pwani ya kusini yaligeuzwa silaha. Kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, na watu waliotoka bara wakauawa na kufukuzwa kwa kosa la kuzaliwa kwingine. Miaka iliyofuata ikaleta kauli ya «Pwani si Kenya». Mambo hayo lazima tuyakatae waziwazi. Mchuuzi wa Ukunda aliyetoka Machakos hakuandika sheria ya 1908 wala hakuchora mpaka wa Kisite. Lakini dhuluma isiyotajwa kwa lugha ya haki hutajwa siku moja kwa lugha ya panga. Wanaotaka umoja wa kweli ndio wanaopaswa kuwa wa kwanza kulisema jambo hili kwa utulivu.

Katiba inasemaje?

Wanafunzi wa lugha hupenda kuchunguza maana za maneno, basi na tuchunguze neno moja la Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 260 kinapofafanua «ardhi» kinajumuisha maji ya bahari ya nchi na ya ukanda wa kiuchumi. Kwa lugha ya Katiba, basi, bahari ni ardhi. Kifungu cha 62 kinaiweka bahari ya nchi, pamoja na eneo lililo kati ya maji kujaa na maji kupwa, katika ardhi ya umma, inayoshikiliwa na Serikali ya Taifa kwa amana ya watu wa Kenya. Maana yake ni kwamba hata pale ufuoni ambapo wanawake hutafuta pweza maji yanapotoka ni mahali pa Serikali.

Hata hivyo Katiba haikuishia hapo. Kifungu cha 63 kinatambua ardhi ya jamii, na kifungu cha 67 kinaipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi. Kifungu cha 69 kinalitaka Dola lihakikishe mgawanyo wa haki wa manufaa yatokanayo na mazingira na maliasili. Ikiwa bahari ni ardhi serikali inapotaka kuimiliki, kwa nini isiwe ardhi mwenyeji anapodai kuwa alidhulumiwa?

Wenzetu wamewahi kulijibu swali hili. New Zealand, kwa sheria ya mwaka 1992, ilikubali kuwa Wamaori walikuwa na haki katika uvuvi tangu kabla ya dola, ikawapa sehemu katika biashara ya samaki na kutambua uvuvi wao wa kimila. Australia, mwaka 2008, mahakama yake ya juu iliamua kuwa wenyeji wa Arnhem Land wana mamlaka ya kuruhusu au kukataza watu kuingia katika maji yanayofunika fuo za ardhi yao. Mataifa hayo hayakuvunjika kwa kufanya hivyo.

Hata sisi tumeonyesha kuwa tunaweza kurekebisha. Wamakonde wa Kwale, walioishi miongo mingi bila ya vitambulisho, walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi Oktoba 2016, na hatimaye wakatambuliwa kuwa raia. Mwaka 2023 Wapemba wa Kenya nao walitambuliwa. Hawa walikuwa watu ambao mipaka ya mataifa iliwapita wakiwa baharini na mashambani. Kutambuliwa kwao hakukumpunguzia Mkenya yeyote chochote.

Nini kifanywe?

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, sehemu maalumu ya viingilio vya Kisite iwekwe kisheria kwa vijiji vya Wasini, Mkwiro na Shimoni, isiwe hisani ya meneja mwenye moyo mwema. Pili, vikundi vya usimamizi wa fuo, maarufu kwa jina la BMU, vipewe viti vyenye kura katika usimamizi wa hifadhi, ili mpaka wowote utakaosogezwa usisogezwe bila ya wao. Tatu, Tume ya Taifa ya Ardhi ichunguze jinsi mafungu haya yalivyotwaliwa, isikilize ushahidi wa wazee, na iseme wazi ni fidia ipi inayostahili.

Pendekezo hili la tatu ndilo linalotuhusu sisi wa vyama vya Kiswahili. Ushahidi wa Wavumba hauko katika hati. Uko katika lugha. Uko katika majina ya mafungu, milango ya bahari, mikondo na pepo. Jina kama Jiwe la Jahazi halikutolewa na mpima ramani. Lilitolewa na watu waliokuwa wakipita hapo kwa vyombo. Kila jina la namna hiyo ni dai la ukaazi, na kila mzee anayeondoka bila ya kuhojiwa huondoka na hati. Nasi hatuna mikono safi kabisa. Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja tangu miaka ya 1930, nacho kilipanuka juu ya lahaja nyingine, na mara nyingi tumezitendea lahaja hizo kama hazina ya kuchota misamiati, si kama lugha za watu walio hai. Tunamtaja Mvumba katika orodha ya lahaja, tunapata alama zetu, na tunaondoka. Naamini ingefaa chama chetu kianzishe mradi wa kukusanya majina ya bahari ya Wasini, Funzi na Vanga, kwa ridhaa ya wenyewe, kisha nakala zibaki kwao kwanza, maktabani baadaye.

Hitimisho

Taifa changa husamehewa mengi. Huhitaji mipaka, mapato na bendera, nalo hukimbia kuvitafuta kabla halijajua limebeba nani. Kenya imepita umri huo. Hoja iliyopelekwa Geneva mwaka 1972 ilikuwa kwamba anayeishi kwa bahari ana haki ya kwanza juu yake. Mataifa makubwa yaliisikia kutoka kinywani mwetu, na yaliyobisha mwanzoni yakaikubali mwishowe. Haihitajiki hoja mpya kwa ajili ya Wasini. Inahitajika ileile, isomwe upya hapa nyumbani, mbele ya watu waliokuwa wakivua Kisite kabla ya sisi kuwa na bendera.